Mwalimu wa uigizaji: wa shahada, wa jukwaani, wa filamu au wa ngoma? Tulinganishe

Mwambao_Bgm
Habari za jioni wakuu. Kuna darasa la uigizaji linaanzishwa hapa Bagamoyo. Wanafunzi 16, umri miaka 18 hadi 25, wiki 12, siku tatu kwa wiki, saa mbili kila siku. Jumla saa 72, na mwishoni wacheze tamthilia ya dakika 50 mbele ya watu. Fedha inatosha walimu wawili. Waombaji wako wa aina nne:

A: ana shahada ya sanaa za maonyesho, amefundisha sekondari na chuo.
B: amecheza jukwaani na kundi miaka mingi, ana stashahada.
C: wa filamu na michezo ya televisheni, anajulikana na jina lake linavuta wanafunzi.
D: mwalimu wa ngoma na sarakasi, maigizo anayajua ila si fani yake kuu.

Nani na nani? Naomba sababu.

Mzee Mkwaju
Wasifu wa mwalimu usome ukitafuta anachokiruka. Kila fani ina pengo lake, na pengo hilo wanafunzi wote 16 wataondoka nalo.

A atakupa uchambuzi wa matini na mpango wa somo. Mpe tamthilia ya kurasa 60, ataigawa vipande, na kila kipande ataonyesha mhusika anataka nini, nani anamzuia na mambo yanageukia wapi. Hiyo ni nusu ya kazi ya mazoezi. Anachokiruka ni mwili. Dalili yake ni kipindi cha dakika 120 ambacho wanafunzi wamekaa 80 wakiandika. Lakini wenye shahada hawalingani. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walimu kama Penina Mlama na Amandina Lihamba walizipeleka sanaa za maonyesho vijijini na mashuleni. Mradi wa Tuseme ulioanza 1996 kwa wasichana wa sekondari umetokana na kazi ya aina hiyo. Muulize A kama amepitia sanaa kwa maendeleo. Aliyepitia huko anajua kukaa na watu, kukusanya hoja zao, kutunga igizo pamoja nao na kulicheza uwanjani bila taa wala pazia. Huyo mchukue haraka.

B anasikia kosa kabla halijaisha kutamkwa. Anachokiruka ni sababu. Atapanda jukwaani, ataicheza nafasi mwenyewe na kusema "hivi". Mwanafunzi anaiga mkono na pozi, na ikifika wiki ya sita una akina B wadogo 16. Stashahada yake nayo itazame imetoka wapi. Aliyepita Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza 1981 na tangu 2007 kuwa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), kwa kawaida amegusa ngoma, muziki na sarakasi pamoja na maigizo, kwa hiyo mwili wake una akiba.

Kura yangu: A wa vitendo, pamoja na B.

BintiRaskazone
Shikamoo mzee. C umempita kimya, na vijana wa umri huo wengi watatafuta kazi za kamera.

C anajua vitu ambavyo A na B mara nyingi hawana. Kurudia tendo lile lile kila picha inapopigwa upya: kikombe ulikishika kwa mkono wa kulia kwenye neno gani, na ulikiweka chini kabla au baada ya kujibu. Kucheza tukio la mwisho asubuhi na la kwanza jioni bila kupoteza hali ya mhusika. Kutembea mpaka kwenye alama iliyobandikwa sakafuni bila kuitazama. Kujua pa kuelekeza macho wakati mwenzako hayupo mbele yako.

Tatizo linakuja jukwaani. Kamera humfuata usoni, basi hisia yake inaishia kwenye nyusi. Aliyekaa safu ya kumi haoni kitu. Maiki hubanwa kifuani pake, kwa hiyo hajawahi kulazimika kupeleka pumzi mbali. Halafu wengi wa filamu zetu wamezoea kupewa muhtasari wa tukio na kujaza maneno wenyewe. Hilo linawapa wepesi mkubwa wa kubuni papo hapo, lakini ukiwapa ukurasa wenye maneno yasiyoruhusiwa kubadilishwa, wanaponyoka. Mwenzake jukwaani anasubiri neno la kumpokea, neno lenyewe halitamkwi.

Mwite C kama mgeni, saa sita tu, wiki ya tisa. Usimwite wiki ya 11 au 12. Wanafunzi watapunguza sauti na mwili siku chache kabla ya onyesho, na hutapata muda wa kuwarudisha.

Fundi_Sauti
Naongezea kwenye sauti maana hapo ndipo maonyesho mengi yanapofia.

Kiswahili mkazo wake unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ya mwisho inalegea yenyewe. Mtu akiwa na pumzi fupi, silabi hiyo inazima. "Baba hataki niolewe" inafika nyuma kama "Baba hataki niole". Uwanja wa wazi, upepo wa baharini wa alasiri unapovuma, hata hiyo "niole" haifiki.

Mwalimu anayejua sauti utamtambua kwa hatua zake. Kwanza analegeza taya na mabega. Pili pumzi: mkono mmoja tumboni, mmoja kifuani, na wa tumboni ndio unaosogea. Tatu kutoa "sss" iliyo sawa, isiyotikisika, sekunde 15 kwa anayeanza, wakisogea taratibu mpaka 25 au 30. Nne kuimba kwa midomo iliyofungwa. Tano ndiyo maneno, kwanza umbali wa mita 3, halafu 8, halafu 15, na msikilizaji wa mwisho anarudia sentensi aliyoisikia. Akikosea silabi, msemaji anaanza upya.

Asiyejua sauti atasema "paza sauti". Mwanafunzi anakaza koo, anapiga kelele, kesho yake amekauka. Sauti ikikauka apumzike na anywe maji. Kunong'ona hakumsaidii, nako kunachosha koo.

B ndiye mwenye nafasi kubwa ya kuyajua haya, ila mpime. Wapo waliocheza miaka mingi kwa koo imara tu walilozaliwa nalo. Watu hao hawawezi kumsaidia mwenye sauti ndogo, kwa sababu wao hawakuwahi kuijenga.

Dunda_Kaskazi
Mnamwacha D kwa sababu hana cheti cha maigizo. Nasikitika sana kuona hivyo, tena Bagamoyo!

Tazameni darasa la ngoma linavyoenda. Watu 16 kwenye duara, mpigaji anaweka mdundo, anaubadilisha bila kutangaza, na duara zima linatakiwa kubadilika kwa pigo moja. Hapo mwanafunzi anajifunza kumsikiliza mwenzake kwa mgongo, kubadili uzito wa mwili, kuanza na kusimama kwa wakati. Kwenye tamthilia anayechelewa kupokea neno kwa nusu sekunde anaua tukio, na mdundo unamponya kuliko mhadhara wowote. Paris, mwalimu wa uigizaji Jacques Lecoq alifungua shule yake 1956 akianzia kwenye mwendo wa mwili kabla ya maneno, na watu wanasafiri mbali kwenda kujifunza hivyo. Sisi mwalimu wa aina hiyo tunaye mtaa wa pili.

Halafu usalama. Anayejua sarakasi anajua kuanguka: kidevu kifuani, kutua kwa upande wa paja na bega, mkono usinyooshwe kuzuia. Anaweka godoro na mtu wa kudaka kila upande. Matukio ya ugomvi bila mtu kama huyu yanaleta vifundo vilivyoteguka na meno yaliyovunjika.

Pengo lake: matini. Mwongozo wa kurasa 60 utamshinda kuupanga. Basi A wa vitendo na D, na B aje kama mgeni wa sauti.

Mzee Mkwaju
Dunda, hoja ya mdundo naikubali yote. Ninachobishia ni saa. Kati ya 72, mazoezi ya tamthilia yenyewe yanakula 28 kwa uchache. Ubunifu wa papo hapo na uchambuzi 20. Zinabaki 24 za mwili na sauti. D akizichukua zote, sauti inakwenda wapi? Mgeni wa sauti wa siku mbili hajengi pumzi. Pumzi inataka dakika 15 kila kipindi, vipindi vyote 36.

Dunda_Kaskazi
Hapo sawa mzee. Basi D apewe 12 kati ya hizo 24, B abaki na 12 na mazoezi. A aje kupanga matini wiki ya kwanza hadi ya tatu.

Mwambao_Bgm
Ahsanteni sana. Maswali mawili. Nitawapimaje kabla ya mkataba? Pia mwombaji mmoja anaahidi kumtoa mwanafunzi yeyote machozi ndani ya dakika kumi, kwa kumkumbusha msiba wake. Anasema ni mbinu ya Stanislavski, yule mwongozaji wa maigizo wa Urusi.

Mzee Mkwaju
La pili kwanza, maana ni zito. Stanislavski alifanyia majaribio kumbukumbu ya hisia, ni kweli. Lakini miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki 1938, aliegemea zaidi vitendo vya mwili: mhusika anafanya nini, ili apate nini. Anayekukumbusha msiba amechukua kipande kimoja cha zamani na kukifanya somo zima. Kijana wa miaka 19 aliyemzika mama yake mwaka jana ukimfungua hivyo darasani, atarudi nyumbani na jeraha, na mwalimu hana ujuzi wa kulifunga. Hata kwa kazi yenyewe haifai. Machozi hayo usiku wa pili hayaji, na wa tatu mwigizaji anayalazimisha. Mwalimu mzuri atampa tendo: anakunja nguo za marehemu, anataka amalize kabla mdogo wake hajaingia, kifungo kimoja hakifungi. Hisia inajileta, na kesho inajirudia kwa sababu tendo linarudiwa. Huyo mwombaji muondoe kwenye orodha.

BintiRaskazone
Kupima: mpe kila mmoja dakika 45 na wanafunzi 8, kipande kile kile cha kurasa mbili, chenye wahusika wawili. Mpe karatasi siku moja kabla. Wewe kaa nyuma na saa.

Tazama dakika ngapi wanafunzi wamesimama. Chini ya 25 ni mhadhara. Tazama kama amepasha mwili moto kabla ya sauti. Sikiliza marekebisho yake: "ongeza hisia" haisaidii mtu, "unamwomba pesa huku unarudi nyuma, mfuate" inasaidia. Dakika ya 30 muombe arekebishe wanafunzi wawili wenye makosa tofauti, mmoja asiyesikika na mmoja anayetembea ovyo. Akiwapa dawa moja wote wawili, umeshamjua. Angalia pia kama anaomba ruhusa kabla ya kumgusa mtu kurekebisha mkao. Kwa darasa la wasichana na wavulana pamoja hilo halina mjadala.

Kwenye wasifu, tenganisha safu tatu: amecheza nini, ameongoza nini, amefundisha nani na kwa muda gani. Wengi hujaza ya kwanza na kuacha ya tatu wazi. Shahada ya nje ya nchi iwe na utambuzi wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Fundi_Sauti
Na kama tamthilia yenu ina kofi, weka swali hilo kwenye majaribio: "Litapigwaje?" Jibu sahihi lina mpangilio. Wanatazamana macho kwanza kuashiria wako tayari. Wanasimama umbali ambao mkono ulionyooshwa haufiki shavuni. Kiganja kinapita mbele ya uso upande usioonekana na watazamaji. Anayepigwa ndiye anayetoa mlio, kwa kupiga kiganja chake kifuani, na kichwa anageuza mwenyewe. Wanalifanya taratibu mara nyingi kabla ya kuongeza kasi, na kila siku ya onyesho wanalipitia kabla watu hawajaingia. Mwombaji akijibu "atampiga kidogo tu", usimpe tukio hilo, awe na cheti gani.

Mwambao_Bgm
Nimeelewa. B na D kwenye mkataba, A wiki tatu za mwanzo nitamlipa kwa saa, C saa sita wiki ya tisa kama fedha itabaki. Majaribio ya dakika 45 yatafanyika kwa wote wanne, hata C.