Game za kudanganyana kwa watu nane, ila mtu asikae benchi

binamu_wa_pili: Habari wadau, naomba ushauri. Jumapili baada ya msosi tunakutanaga kwa shangazi, binamu na majirani, tunafika nane hivi, siku nyingine kumi. Tunacheza Mafia ile ya kawaida, usiku watu wanafumba macho mafia wanaua, kukicha tunabishana nani atolewe. Raha yake ipo sana tu ila anayeuawa usiku wa kwanza hajafungua hata mdomo anabaki na simu mpaka game iishe, na mdogo wangu ni mpole basi kila round wanamtoa mapema eti "huyu kimya chake sikielewi". Sasa hivi kagoma kabisa kucheza na mimi inaniuma. Nataka ya kufichana na kutafutana hivyo hivyo ila mtu asitolewe, na isiwe ya kuagiza nje maana gharama. Karata tunazo. Shangazi hataki mambo ya hela mezani.

ree_ya_shupaza: Mkuu hapo The Resistance ndo jibu, ya Don Eskridge, watu 5 mpaka 10 na hakuna anayekufa. Na karata zinatosha kabisa. Mkiwa nane gawa nyekundu tano na nyeusi tatu, wenye nyeusi ndo wasaliti, wote mnafumba macho halafu wasaliti peke yao wanafumbua wajuane. Kuna misheni tano, kiongozi anazunguka, anachagua timu (kwa watu nane ni 3, 4, 4, 5, 5), wote mnapiga kura ya mkono kwa pamoja kama timu iende au la, mkikataa timu mara tano mfululizo wasaliti wameshinda. Ikipita, kila aliye kwenye timu anapewa karata mbili nyingine, nyekundu na nyeusi, anatoa moja kifudifudi, mwema lazima atoe nyekundu, msaliti anaweza kutoa nyeusi, zinachanganywa ndo zinafunuliwa. Nyeusi moja tu misheni imeharibika, isipokuwa ya nne, hiyo mkiwa saba kwenda juu zinatakiwa nyeusi mbili. Misheni tatu zikifaulu wema wameshinda, tatu zikiharibika wasaliti wameshinda. Utamu uko pale karata tatu zinafunuliwa na moja nyeusi, watu watatu wanaangaliana na kila mmoja anaapa sio yeye, hapo hata mpole anaongea maana asipojitetea hapelekwi tena.

Mama Kijacho: Mimi naitetea Mafia kidogo jamani. Ile kitu aliibuni Dimitry Davidoff mwaka 1986 pale Chuo Kikuu cha Moscow, inadumu mpaka leo kwa sababu haihitaji chochote. Rekebisheni tu, usiku wa kwanza asiuawe mtu, mafia watambuane basi. Na anayetoka wa kwanza apewe kazi ya kuendesha game, aliyekuwa anaendesha apumzike.

tulia_nikuulize: Kwa huyo mdogo wako ningeanza na Spyfall, round ni dakika 8 tu. Andikeni vikaratasi, kila mtu anapata jina la sehemu ile ile, mmoja anapata JASUSI. Wekeni sehemu zenu, saluni, daladala, harusini, sokoni, kwa fundi cherehani. Mnaulizana maswali, jasusi anajaribu kugundua yuko wapi na nyie mnamtafuta. Mfano sehemu ni daladala, mtu akiulizwa "hapa unapendaga kukaa wapi" akajibu "dirishani" ameshauza mechi, lakini akijibu "popote ila sio nyuma" mwenye kujua anamwelewa na jasusi anaweza kudhani ni harusini. Mpole hapa hateseki kwa sababu zamu ya kuulizwa inamfikia tu, hahitaji kupigana na wenye sauti kubwa ili asikike, na hiyo kwangu ndo sababu ya kwanza ya kuchagua game, kabla hata ya idadi. Ila mwisho watu nane, mkizidi gawaneni makundi mawili.

ree_ya_shupaza: Nakubali, Spyfall iwe ya kuanzia. Coup, game nyingine ya karata ya kudanganyana, utaisikia sana, nzuri mno ila mwisho watu 6 na ukipoteza karata zako mbili umetoka, kwa shida yako iache kwanza.

binamu_wa_pili: Nashukuru sana wote, Jumapili hii tunaanza na vikaratasi halafu hiyo ya misheni. Tukifika kumi wasaliti wangapi?

ree_ya_shupaza: Tisa bado watatu, kumi wanne. Ukubwa wa timu unabaki ule ule.