Naombeni ushauri: nawaulizaje akina mama kuhusu uzazi wa mpango mpaka nipate jibu la kweli?

Mhudumu_Jamii: Wadau habari zenu. Nimepewa kazi ya kupita kaya kwa kaya kujua akina mama wanahitaji nini kwenye uzazi wa mpango, dodoso lenyewe lina swali moja la maana, unatumia njia, ndiyo au hapana, akisema hapana naandika ana uhitaji. Sasa unamuuliza mtu mama mkwe kakaa pembeni katega sikio, lazima akane wakati kijiti cha kuzuia mimba kiko chini ya ngozi ya mkono. Nifanyeje?

Nesi_wa_Zamu: Dada, "hapana" peke yake haikuambii kitu. Kuna anayetafuta mtoto, kuna aliyekoma hedhi. Mwenye uhitaji usiotimizwa ni wa miaka 15 hadi 49, ana mume au mwenzi, anaweza kushika mimba, hatumii njia yoyote na hataki mtoto ndani ya miaka 2 au hataki tena kabisa. Hao wawili watenganishe, wa kupisha na wa kufunga ukurasa, huduma zao hazifanani. Na wajawazito usiwaruke, uliza mimba hii uliitaka sasa, ungependa ije baadaye, au hukuitaka. Halafu mkwe atafutiwe namna, ongea na mama faragha, jina lake usiandike.

Mama_Pacha: Naongezea, hata anayesema "ndiyo" usimpite haraka. Mtu yuko kwenye sindano, matone hayaishi, kichwa kinagonga, alitaka kitanzi kile cha kuwekwa kwenye mji wa mimba akaambiwa hakipo chukua hii, kwenye ripoti anaonekana katimiziwa!! Muulize uliichagua mwenyewe? Ulielezwa maudhi yake? Na kijiti je, ukitaka kitolewe leo watakutoa au watakwambia vumilia mpaka muda uishe? Hapo ndo utasikia mambo.

Kidume_Mpole: Na sisi waume hatuulizwi?

Mama_Pacha: Mtaulizwa mkuu, ila pembeni, siyo mke anajibu huku anakuangalia usoni. Kondomu na vasektomi (mwanaume kufunga uzazi) ni zenu, anzeni na hizo 😂

Mrembo_Mzazi: Mimi nanyonyesha na hedhi haijarudi, nahesabiwa natumia njia au situmii?

Nesi_wa_Zamu: Mtoto hajafika miezi 6, anapata ziwa tu mchana na usiku bila maji wala uji, na hedhi haijarudi? Yote matatu yakiwepo na umeamua kuitegemea, hiyo ni njia. Likikosekana moja tu tafuta nyingine, usingoje hedhi ndo uanze, mimba inaweza kuitangulia.

Mhudumu_Jamii: Nimewaelewa sana. Na wale wanaosema zinaharibu kizazi nawaandikaje?

Nesi_wa_Zamu: Andika kama alivyosema, usibishane wala usiwarundike wote kwenye "hana elimu", maana wengine wana sababu. Sindano ya miezi 3 kweli inaweza kukuchelewesha kushika mimba miezi kadhaa baada ya kuacha, mtu akipitia hilo bila kuelezwa lazima aseme kizazi kimeharibika. Haiharibu, ila aambiwe mapema. Kijiti na kitanzi vikitolewa uzazi unarudi haraka tu. Kwahiyo kwenye dodoso weka nafasi ya "kwa nini hutumii" mistari mitatu minne, visanduku vya kutiki achana navyo, na mwenye presha au kipandauso mpeleke akaonane na mtaalamu kabla hajameza vidonge vya jirani.