Posdoki ya mwaka mmoja: iendelee kutangazwa au ipigwe marufuku?

Wakuu, hili jambo linaniuma, naomba tulijadili kwa uwazi. Chuo kinatangaza nafasi ya posdoki ya sayansi, yaani kazi ya utafiti ya muda kwa aliyemaliza PhD, mkataba mwaka mmoja, halafu chini wanaandika "unaweza kuongezwa kutegemea fandi" (hela za ufadhili), na wanategemea mtu mzima ahame nchi na watoto kwa sentensi hiyo. Msimamo wangu ni kwamba tangazo la hivyo lisiruhusiwe kabisa, kama profesa hana hela ya miaka mitatu basi asubiri mpaka aipate.

Kuna mwenzetu kasema mwaka mmoja ni bora kuliko kukaa nyumbani na PhD yako. Namwelewa sana, mimi mwenyewe nilisaini mkataba wa hivyo kwa sababu hiyohiyo. Ila hebu tuuhesabu huo mwaka. Viza, mafunzo ya usalama, kusubiri kemikali ulizoagiza, hapo miezi mitatu imekwisha. Unatoa seli kwenye naitrojeni ya baridi zinakohifadhiwa, unazikuza, unazihudumia mpaka Jumapili, wiki ya tatu unafungua inkubeta, kabati la joto la kukuzia seli, unakuta chupa zote maji yamechafuka, bakteria wameingia, unamwaga unaanza moja. Jaribio linakuja kukaa sawa mwezi wa nane na mwezi huohuo ndio unaanza kukesha unaandika maombi ya kazi nyingine maana nafasi za mwakani zinafungwa. Sasa sayansi inafanyika saa ngapi?

Kwenye friza ya maabara niliyosainia mkataba huo nilikuta maboksi ya sampuli ya watu watatu walionitangulia, barafu imeganda juu ya majina, na hakuna hata mmoja pale aliyejua ndani kuna nini. Ile ni hela ya utafiti imelala humo, na miaka ya watu.

Halafu kuna saa inayohesabu tangu siku umepata PhD. Ufadhili wa posdoki wa Marie Skłodowska-Curie wa Ulaya unataka usiwe umezidisha miaka 8 ya uzoefu wa utafiti baada ya PhD, Ujerumani nako sheria ya mikataba ya muda vyuoni inaweka miaka 6 baada ya PhD, kwa tiba 9. Kwa hiyo kila kimkataba cha mwaka kinakula muda wako na pepa, yaani makala ya utafiti, hujatoa. Na miaka mitatu sio ndoto, Human Frontier, shirika la kimataifa la kufadhili utafiti wa sayansi ya viumbe, wanafadhili posdoki miaka mitatu mizima tangu zamani.

Wengine wanasema nafasi zitapungua. Ndiyo, zitapungua, sikatai, na kuna watu wataumia. Lakini nafasi moja ya miaka mitatu inamaliza kazi na zile tatu za mwaka mmoja zinaacha maboksi kwenye friza. Kitu pekee ninachokubali ni ile miezi sita ya mtu kubaki maabara yake amalizie pepa za PhD, hiyo sawa, ila iitwe hivyo, isitangazwe kama posdoki.

Mnaotetea mwaka mmoja naomba mnijibu hili tu: wewe au mtu unayemfahamu, ni jaribio gani mlianza kutoka sifuri mkalimaliza na pepa likatoka kabla mkataba haujaisha?