Homoni alizotumia mama akiwa mjamzito zinaweza kumdhuru binti ukubwani?

Mama Zuhura, Tanga (swali)

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nina ujauzito wa wiki 9, baada ya mimba mbili kuharibika. Juma lililopita nilitokwa na damu, na baada ya kipimo cha ultrasaundi daktari ameniandikia projesteroni ya kuweka ukeni asubuhi na usiku. Wifi yangu anayeishi Marekani ameingiwa na hofu, kwani anasema kwamba huko wajawazito walipewa homoni ili mimba zisitoke, na mabinti waliozaliwa wakaja kuugua saratani na kukosa watoto. Je, dawa yangu ndiyo hiyo? Na yawezekanaje dawa ya mama imdhuru binti baada ya miaka ishirini?

Daktari wa Wanawake, Mwanza

Dada, pole sana. Wifi yako anaizungumzia diethilistilbestroli, kwa kifupi DES, estrojeni ya maabara iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1938. Linaloniumiza ni kwamba utafiti uliofanyika Chicago na kuchapishwa mwaka 1953 ulikwisha kuonyesha kuwa haizuii mimba kuharibika, na bado wajawazito wa Marekani waliendelea kuandikiwa hadi mwaka 1971, pale madaktari wa Boston walipotoa taarifa ya wasichana 8 waliopata saratani ya uke ambayo ilikuwa nadra mno katika umri wao. Mama 7 kati ya hao 8 walikuwa wametumia DES walipowabeba.

Dawa yenyewe haikubaki mwilini miaka yote hiyo. Mfuko wa uzazi, mirija na sehemu ya juu ya uke hutokana na mifereji miwili midogo ya kijusi, na DES ilivuruga ujenzi huo ulipokuwa ukiendelea. Binti alizaliwa akionekana mzima kabisa, lakini huenda mfuko wake ulikuwa mdogo, ndani ukiwa na umbo la herufi T, na mara nyingi hakulijua hilo mpaka alipoanza kutafuta mtoto.

Projesteroni ni dawa nyingine kabisa, kwani ni homoni ileile ambayo ovari zako, na baadaye kondo la nyuma, huitengeneza ili kuilea mimba. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019, wenye wanawake zaidi ya 4,000 waliotokwa na damu katika mimba changa, faida ilionekana kwa wale waliowahi kupoteza mimba, kama wewe. Tafadhali usiiache kabla ya kuzungumza na daktari wako.

Muuguzi, Uholanzi

Ninafanya kazi katika kliniki ya wanawake huku Uholanzi, ambako DES ilitumika hadi katikati ya miaka ya 1970, na mabinti hao bado tunawahudumia. Saratani hiyo huwapata takriban 1 kati ya 1,000, lakini mzigo mkubwa umekuwa wa uzazi. Ufuatiliaji wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa hadi umri wa miaka 45, ugumba uliwapata asilimia 33 ya mabinti wa DES, dhidi ya 15.5 ya wengine. Mimba kutunga nje ya mfuko, asilimia 14.6 dhidi ya 2.9, na kujifungua kabla ya wakati, asilimia 53 dhidi ya 18.

Tunapowapima hatuishii kwenye mlango wa kizazi. Chembechembe hukwanguliwa kwenye kuta za uke pande zote, kisha daktari hupapasa kuta hizo kwa kidole akitafuta kinundu, kwa kuwa uvimbe unaweza kukua chini ya utando bila kuonekana. Wengi hawana uthibitisho wowote, kwa sababu mama amekwisha kufariki na faili lake halipo tena. Kwa hiyo, dada, omba jina la dawa, kipimo chake na wiki ulizoitumia viandikwe kwenye kadi yako ya kliniki, na uihifadhi hata mtoto akishakua.

Mama Zuhura, Tanga

Nawashukuru mno. Nimesoma pakiti, nayo ni projesteroni ya miligramu 400. Nitaendelea nayo, na kadi itaandikwa. Wifi amenieleza kwamba habari hii aliipata kwa dada wa mumewe, aliyezaliwa huko mwaka 1967 na ambaye mama yake alitumia DES. Hajawahi kupimwa kuta za uke kwa namna mliyoieleza, nami nimemtumia wifi maelezo yenu yote ili amfikishie leo.