Mafundi na wauza vifaa wa Mtwara, mlio wa shiii kwenye iafoni hautibiwi kwa kupiga windo (kuweka Windows upya)!

Mkorosho_Mkavu ameandika:

Wakuu, leo povu ruksa. Mods msiunganishe huu uzi na ule wa laptopu zisizotoa sauti. Hapa sauti ipo, na kero ni kwamba ipo hata pale isipotakiwa.

Kuanzia stendi hapa Mtwara mjini mpaka Mikindani, na ukivuka kwenda Lindi hali ni ile ile. Mtu anapeleka laptopu kwa fundi, anasema nikichomeka spika za masikioni nasikia shiii muda wote, hata muziki ukiwa umesimama. Fundi hachomeki iafoni, hasikilizi hata sekunde 5. Jibu liko mdomoni tayari: "Tupige windo upya." Ukirudi na shiii ile ile unaambiwa draiva. Ukirudi tena unauziwa kiampea (kikuza sauti kidogo) cha kuchomeka kwenye tundu la hedifoni, eti kinasafisha sauti.

Kinasafisha nini? Tuongee kwa namba.

Iafoni za siku hizi, hasa zile zinazoziba tundu la sikio, ni sikivu mno. Chukua ya kawaida yenye ukinzani wa omu 16, inayotoa sauti ya desibeli 110 ikipewa nguvu ya miliwati 1. Miliwati 1 kwenye omu 16 ni milivolti 126. Mtu anayesikiliza kistaarabu yuko kwenye desibeli 75 hivi, yaani 35 chini ya hapo, na hizo zinahitaji milivolti 2.25 tu. Laptopu yako inaweza kusukuma volti 1 nzima. Ndiyo maana mshale wa sauti unakaa 4 kati ya 100, ukigusa 10 unaruka kitini.

Sasa ile ampea ndogo iliyomo ndani ya laptopu ina mvumo wake wa asili. Tuseme ni maikrovolti 20. Kwenye hedifoni kubwa za omu 250 usingeusikia. Kwenye iafoni hii, maikrovolti 20 ni desibeli 34, na masikio yameshazibwa na raba, kelele ya nje haipo ya kuuficha. Na mvumo huo unazaliwa BAADA ya mahali sauti inapopunguzwa. Ukishusha mshale unapunguza muziki peke yake, shiii inabaki palepale. Sasa hiyo windo mpya itafanya nini kwenye ampea iliyolehemiwa kwenye bodi? Mnafuta faili za watu bure.

Na kiampea? Kinapokea muziki pamoja na zile maikrovolti 20, kinavikuza vyote. Kikikuza mara 3, maikrovolti 60 zinaingia sikioni, na chenyewe kinaongeza zake. Mteja kalipa ili shiii ipande kwa karibu desibeli 10. Halafu muuzaji anasema "sauti imejaa sasa". Imejaa kweli!

Watengenezaji nao wasicheke. Juu ya kava wanabandika stika ya sauti ya studio, lakini kwenye karatasi ya vipimo hutakuta mvumo wa tundu la hedifoni ni maikrovolti ngapi wala ukinzani wake wa kutolea (ule iafoni inaouona nyuma yake) ni omu ngapi. Namba 2 tu. Uzito wa laptopu wanauandika mpaka gramu, hizo wanazificha.

Kinachotakiwa ni kinyume cha kiampea: kitu cha KUPUNGUZA, kikae kati ya laptopu na iafoni. Kinapunguza muziki na shiii kwa kiasi kile kile, kisha wewe unapandisha mshale, muziki unarudi na shiii inabaki chini. Ni rezista (vijipande vya kuzuia umeme) 4 tu. Kwa kila upande, omu 22 inakaa kwenye njia ya sauti, na omu 2.2 inatoka upande wa iafoni kwenda ardhi (waya wa pamoja wa kurudishia umeme). Robo wati inatosha na kubaki.

Hesabu: 2.2 sambamba na iafoni ya 16 ni 1.93. Gawanya kwa jumla ya 23.93, unapata 0.081, sawa na kushuka desibeli 22. Zile maikrovolti 20 zinakuwa 1.6, desibeli 12 sikioni. Hata usiku wa manane huzisikii. Laptopu sasa inatoa milivolti 28 badala ya 2.25, mshale unapata nafasi ya kutembea. Na ukipandisha mpaka mwisho bado unapata desibeli 106, kwa hiyo asije mtu hapa kusema sauti itakuwa ndogo.

Kuunga: pini ya kiume ya milimita 3.5 yenye mishipi 3, ncha ni kushoto, pete ni kulia, shina ni ardhi. Lehemu 22 kutoka ncha ya pini kwenda mguu wa ncha wa soketi ya kike. Kutoka mguu huo huo wa soketi, 2.2 iende ardhi. Rudia kwa pete. Ardhi kwa ardhi waya mtupu. Vyote vinaenea ndani ya kasha la kiberiti, ila funga waya kwa ndani usije ukang'oka ukivutwa.

Kabla ya kuchomeka iafoni, pima kwa mita. Gusanisha kwanza ncha za waya za mita, soma inachoonyesha (mara nyingi 0.3 hadi 0.5), hicho ukitoe kwenye kila kipimo. Ncha ya pini kwenda ncha ya soketi: 22. Ncha ya soketi kwenda ardhi: 2.2. Ncha ya pini kwenda ardhi: 24.2. Namba zikigoma, kagua mistari ya rangi kwenye rezista. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa sababu 22 ni nyekundu, nyekundu, NYEUSI, dhahabu, na 2.2 ni nyekundu, nyekundu, DHAHABU, dhahabu. Kwenye taa hafifu ya kibandani ni mapacha. Ukizibadilisha nafasi, kushuka kunakuwa desibeli 2 tu, shiii haiendi popote, na fundi atasema "nilikwambia ni windo".

Naomba fundi yeyote wa kusini aje aniambie hesabu imekosewa wapi. Kama haijakosewa, hela za watu zirudishwe.

---

Upepo_wa_Kusi ameandika:

Mkuu hesabu imenyooka, ila umemwaga povu kabla ya vipimo. Si kila kelele ni shiii. Fundi mwenye akili anatenganisha kwanza.

Chomoa chaja. Kelele ikikatika, hiyo ni ngurumo ya umeme inayopanda kwenye ardhi ya laptopu. Nyumba nyingi plagi ni ya pini 3 lakini ile ya juu haijaunganishwa na kitu ukutani, ndiyo maana kava ya chuma inakutekenya ukiigusa. Anayetumia invata ya bei rahisi ya sola asishangae, mawimbi yake ni ya ngazi ngazi na yanatoa mngurumo mkali kuliko umeme wa kawaida.

Sogeza kurasa kwa mausi juu na chini. Ukisikia vijimlio vinavyofuata mkono wako, hiyo ni kelele ya bodi yenyewe inavuja kwenye njia ya sauti.

Simamisha muziki, ngoja sekunde 10 au zaidi. Shiii ikikatika ghafla na kijimlio cha "tk", chipu ya sauti imelala kuokoa betri. Hapo umethibitisha ni ampea ya ndani.

Na ukiisikia kwenye wimbo mmoja, mwingine hapana, hiyo imo kwenye rekodi. Nyimbo zilizonakiliwa kutoka kanda zina mvumo wake, hakuna rezista itakayoutoa. Zima tu lile tiki la kusawazisha ukubwa wa sauti kwenye Windows, maana linainua sehemu za kimya na mvumo wake.

Kutu ya chumvi ya bahari kwenye pini, ile ya kijani, inatoa kukwaruza na upande mmoja kupotea. Haitoi shiii. Isugue kwa pamba na spiriti, usimwage WD-40 humo ndani.

---

Mkorosho_Mkavu ameandika:

Upepo, sawa, nimekubali. Lakini vipimo vyote hivyo ni dakika 2. Windo ni saa 2 na pesa. Kwa nini wanaanza na ya saa 2?

---

Redio_Mbao ameandika:

Wakuu, kuna programu kidogo za kugusa kabla ya kulehemu, tusiwatukane mafundi mazima.

Kwenye Windows andika mmsys.cpl, nenda upande wa kurekodi, fungua maiki, hakikisha "Listen to this device" haina tiki. Ikiwa na tiki, mvumo wa maiki unaletwa wote sikioni. Kisha upande wa kusikiliza, weka biti 24, hezi 48000. Sababu ipo: ukisikiliza kwa volti ndogo namna hii, mshale umeshusha desibeli 50 na zaidi, biti 16 zenye nafasi ya desibeli 96 zinabakiwa na 40 na kitu. Hiyo nayo ni mchanga sikioni.

Linux: fungua alsamixer, F6 uchague kadi halisi, F4 uende upande wa kuingiza, shusha kila chenye neno Boost. Kuna laptopu, Dell XPS 13 za miaka fulani ni mfano maarufu, ambazo mambo ni kinyume: "Headphone Mic Boost" ikiwa sifuri shiii inakuwepo, ukiipandisha ngazi moja, desibeli 10, inanyamaza. Haina mantiki lakini ndivyo chipu ilivyounganishwa.

Swali: kwa nini nisiweke rezista moja tu ya 75 kila upande? Kuna adapta zinauzwa hivyo zimekamilika.

---

Upepo_wa_Kusi ameandika:

Inategemea iafoni, mkuu. Yenye kiendeshi (kispika cha ndani) kimoja cha koili, ukinzani wake haubadilikibadiliki, 75 peke yake itakushusha desibeli 15 bila madhara.

Zile za viendeshi vingi vidogo ndani, ukinzani unaweza kuwa omu 8 kwenye masafa fulani ya sauti na 40 kwenye mengine. Ukiweka 75 mbele, penye 8 unapoteza desibeli 20, penye 40 unapoteza 9. Tofauti ya 11! Umegeuza iafoni ya bei mbaya kuwa redio ya mkulima. Kwenye kigawa volti cha Mkorosho (ile 22 na 2.2), iafoni inaona omu 2 tu nyuma yake, tofauti inabaki desibeli 1.5. Ile 2.2 ndiyo yenye kazi hapo, usiiruke.

Na vile viwaya vyenye gurudumu la sauti katikati achana navyo. Ukishusha chini, kushoto na kulia havilingani, mwimbaji anahamia sikio moja.

---

Binti_Rasini ameandika:

Wote mmeongea kama kila mtu ana pasi ya kulehemu nyumbani. Kwa asiyeshika risasi, dawa ni kadi ya sauti ya nje ya USB, ila SI ile ya plastiki yenye matundu mawili, kijani na pinki, iliyojaa madukani. Kwa iafoni sikivu, nyingi ya hizo nazo zinavuma vizuri tu.

Kile kiadapta kidogo cha Apple cha USB-C kwenda milimita 3.5 kimepimwa na watu wengi, mvumo wake ni mdogo na ukinzani wa kutolea ni takribani omu 1. Toleo la Marekani linatoa volti 1, la Ulaya volti 0.5. Kwa iafoni sikivu la Ulaya linatosha kabisa. Kwenye laptopu kinafanya kazi bila draiva. Kwenye simu nyingi za Android sauti inajifunga chini, watu wanadhani wameuziwa feki. Kichomeke moja kwa moja kwenye mashine, usipitishie kwenye habu iliyobeba flashi na diski.

Mkorosho, umesahau pia wenye iafoni yenye maiki. Pini yake ina mishipi 4. Kwenye soketi yako ya mishipi 3, ardhi inaweza kugusa mshipi wa maiki: mwimbaji anapotea, ala zinabaki zinaelea, ukibonyeza kitufe cha maiki sauti inarudi. Atakuja mtu hapa kulalamika kigawa chako kimeharibu iafoni.

---

Mkorosho_Mkavu ameandika:

Haki yako dada. Watumie soketi ya kike ya mishipi 4, ile miguu miwili ya mwisho iunganishwe pamoja kuwa ardhi. Inakubali iafoni za aina zote. Maiki haitafanya kazi kupitia humo, hilo wajue mapema, wa vikao vya mtandaoni watumie maiki ya laptopu.

---

Redio_Mbao ameandika:

2.2 haipo madukani. Nimeulizia Lindi mjini, wanaanzia omu 10.

---

Mkorosho_Mkavu ameandika:

Chukua 10 tano, ziunge sambamba, unapata 2 kamili. Jumla kumi kwa pande mbili. Au ukikuta 4.7 kwenye bodi ya redio mbovu, mbili sambamba ni 2.35, tumia hiyo. Pande zote mbili ziwe sawa, vinginevyo sauti italalia upande mmoja. Na ukishalehemu pima tena, joto likizidi rezista ndogo inahama namba.