Tobo la mwamba kule Kisite, naweza kupenya na snokeli tu?

KijanaWaBara: Wadau habari zenu, juzi tulitoka Shimoni na boti hadi Kisite, ile hifadhi ya bahari pwani ya Kenya, nikavaa maski na snokeli (mrija wa kupumulia), naelea zangu juu ya mwamba nikaona tobo chini kama mita 3 hivi, unaingia huku unatokea kule, samaki wamejaa ndani na mwanga unaonekana upande wa pili. Urefu nakisia mita 4. Nahodha akanikatalia kabisa! Mi naogelea poa na pumzi nafikisha dakika moja. Nikirudi Disemba nijaribu ama?

PwezaMkavu: Rahisi hiyo, vuta pumzi haraka haraka kama 15 kisha shuka, utakaa chini mpaka ushangae

Mtungi_Mgongoni: Usimsikize huyo. Ukipumua hivyo oksijeni haiongezeki ya maana, unachopunguza ni ile hewa chafu ambayo ndiyo hukufanya usikie haja ya kupumua, sasa unajiona uko sawa alafu unazimia ghafla, na juu yako ni mwamba. Na dakika moja ya kulala kitandani si dakika ya kupiga maji. Mimi napenya matobo na mtungi wa hewa na bado siingii kama sioni pa kutokea, ama kama mabega yatagusa.

MwanaWasini: Nahodha wako hakuwa na maringo. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, bahari huku inapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji yakikuta upenyo kwenye mwamba yanapita kwa nguvu kama mferejini. Hapo bado wimbi, likipita juu linakusukuma ndani, likirudi linakuvuta, utajishika matumbawe uyavunje na mgongo uchunike. Na mkunga analala humo humo kwenye nyufa, ukimtilia mkono shauri yako. We njoo wakati wa kaskazi (upepo wa kutoka kaskazini) maji yakiwa meupe, mwezi 7 au 22, maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, elea pale mdomoni uchungulie, samaki utawaona wote. Kupenya kajifunze mbizi kwanza.

KijanaWaBara: Shukrani sana, nimewasoma. Kwa hiyo niweke bukingi Disemba tarehe 7?

MwanaWasini: 😂😂 mwezi wa angani ndugu yangu, hesabu tangu uandame. Hiyo 7 ya kalenda yako waweza kuikuta bamvua