Rasta kwenye nyanya, wiki ya tatu shambani: ning'oe au nisubiri? (Kayenze, Mwanza)

Mzawa_Kayenze
Wakuu, heshima kwenu. Nina nusu ekari ya nyanya aina ya Tanya kando ya ziwa, namwagilia kwa pampu. Miche nilinunua kwenye kitalu cha wazi, sasa iko wiki ya tatu tangu ihamishwe. Kama mche mmoja kwa kila minane umedumaa: majani ya juu madogo, kingo za njano zimejikunja kwenda juu kama kikombe, maua yanapukutika. Duka la pembejeo wamesema ni upungufu wa madini, wakanipa busta (mbolea ya kupuliza majani). Nimepiga na dawa ya ukungu. Bila bila. Ning'oe? Na msimu ujao nipande mbegu gani?

Ugani_Ziwa
Mkuu, kwa maelezo hayo ni rasta, ugonjwa wa virusi unaoletwa na inzi weupe, lakini hakikisha kwanza kuwa si vitu vitatu vinavyofanana nayo.

Majani ya chini yakijiviringa huku yamebaki ya kijani na magumu, na ncha ya mmea inaendelea kukua vizuri, hiyo ni jua kali au umwagiliaji wa kurukaruka. Si ugonjwa. Majani machanga yakikunjika kwenda chini na kuwa na rangi ya shaba upande wa chini, hao ni utitiri. Na yakiwa membamba, yamevutika, shina limejipinda, uliza kama jirani mwenye mpunga au mahindi amepuliza 2,4-D, au kama bomba lako liliwahi kubeba dawa ya magugu. Hilo la bomba hutokea kuliko watu wanavyokubali.

Rasta halisi huanzia juu: jani dogo, njano kwenye kingo na katikati ya mishipa, pingili fupi, mmea unakuwa kichaka. Geuza majani asubuhi na mapema kabla jua halijachoma. Inzi weupe wanakuwa wazito saa hizo, utawaona, na watoto wao bapa wamejibandika upande wa chini.

Bustani_Magu
Ng'oa yote mkuu, usipoteze muda.

Ugani_Ziwa
Hapana, si yote. Hesabu yake ni mmoja kwa minane. Hiyo bado inaokoleka.

Dalili huchukua wiki mbili hadi tatu kujitokeza baada ya inzi kuingiza virusi. Kwa hiyo mche unaojikunja leo uliambukizwa kitaluni au siku za mwanzo shambani, wakati kwa macho ulikuwa safi kabisa. Hauponi, hakuna dawa ya virusi dukani, busta inalisha mgonjwa tu. Ng'oa wenye dalili, lakini piga dawa ya inzi KWANZA, subiri hadi kesho yake, ndipo ung'oe na kutia kwenye kiroba kilichofungwa. Ukitikisa mche wenye inzi hai, wanahamia mche wa jirani na virusi vyao, na inzi akishavibeba anakaa navyo maisha yake yote.

Rudia ukaguzi kila baada ya siku nne au tano hadi matunda yaanze kufunga. Mmea ukiambukizwa baada ya hapo, matunda yaliyokwisha kufunga yatakua, uache.

Mama_Mboga_Misungwi
Naomba kuuliza, vipi maziwa? Huku watu wananawa maziwa kabla ya kushika miche. Na shamba langu limepakana na muhogo wenye batobato (ugonjwa wa virusi wa majani), si ndiko inakotoka?

Mbegu_Kwanza
Mama, maziwa ni ya virusi vya michirizi vinavyosambaa kwa mikono na visu. Rasta haiendi kwa mkono wala kisu cha kupogolea, inaendeshwa na inzi mweupe. Batobato ya muhogo nayo ni ndugu tu, virusi vyake haviambukizi nyanya, na inzi wa muhogo wengi wao hung'ang'ania muhogo. Ogopa zaidi nyanya kuukuu zilizotelekezwa baada ya mavuno, na mnavu na pilipili pembeni. Hizo ng'oa kabla hujaleta miche.

Mzawa, kuhusu mbegu: Tanya haina kinga hii. Aina nyingine, Tengeru 97, sifa yake ni minyoo fundo na mnyauko wa fuzari, isikuchanganye. Tafuta chotara ambayo pakiti imeandikwa TYLCV, kifupi cha Kiingereza cha virusi vya rasta, halafu soma herufi za mbele yake: HR ni ukinzani mkubwa, IR ni wa kati. Nyingi ni IR. Maana yake mmea unaambukizwa, ila virusi vinazaliana polepole na unazaa. Ukishambuliwa ukiwa mchanga na inzi wakiwa wengi, hata huo utajikunja.

Kinga hizo zilitolewa kwa nyanya pori: jeni za Ty-1 na Ty-3 kwa Solanum chilense, Ty-2 kwa Solanum habrochaites. Ty-2 ikiwa peke yake imeshindwa sehemu kadhaa. Tena virusi vya rasta si aina moja. Kuna kilichopewa jina la Tanzania na kingine la Arusha. Kwa hiyo panda mistari michache ya aina mbili tofauti kabla ya kumwaga hela kwenye nusu ekari. Na usikamue mbegu kwenye tunda la chotara, watoto wanatoka mchanganyiko, wengine bila kinga.

Mzawa_Kayenze
Asanteni sana. Kitalu nitajitengenezea. Neti ya dagaa au chandarua vinafaa?

Ugani_Ziwa
Vyote viwili inzi anapita bila kuinama. Mwili wake una upana wa kama robo ya milimita. Nunua neti ya matundu 50 kwa inchi. Tuta upana wa mita moja, fito zilizopindwa, neti juu, kingo zote zizikwe kwenye udongo. Usiache mlango, mwagilia juu ya neti. Panda mbegu kwa nafasi, maana ndani hewa ni nzito na miche iliyobanana inaoza shingo. Ikae humo hadi siku ya kuhamisha.

Shambani badilisha kundi la dawa, siyo jina. Angalia namba ya kundi kwenye lebo: asetamipridi na imidaklopridi zote ni 4A, ukizipokezana hujabadilisha kitu. Fuata kwa kundi 23 au 7C, zinazomaliza watoto, na hakikisha kiuatilifu kimesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Katikati tumia sabuni ya maji, mililita 80 hadi 160 kwa bomba la lita 16, ukijaribu kwanza kwenye miche mitatu. Pua ya bomba ielekee juu, chini ya jani.

Bustani_Magu
Ongeza mistari miwili ya mahindi upande upepo unakotokea kuzuia inzi, yatangulie mwezi mzima.

Mzawa_Kayenze
Upepo wa mchana hapa unatoka ziwani, na upande huo ndiko pampu ilipo. Nitaihamisha.